Uzito Bila Betri

Lipo jambo moja ambalo sijalielewa mpaka leo, na nimeshaacha kutarajia kulielewa: kwa nini sheria, inapotaka kujua gari dogo la umeme lina uzito gani, huanza kwa kuitoa betri. Gari lile bila betri haliendi popote. Haliwashi hata taa. Lakini ndivyo kanuni inavyosema, ukurasa wa arobaini na mbili, na ukurasa wenyewe naujua kwa sababu kitabu hicho nilikijalidi mimi, nakala kumi na mbili za ofisi ya usajili wa magari, jalada la kijani, herufi za dhahabu mgongoni. Nilikishona, nikakitia gundi, nikakikata kingo. Sikukisoma. Nilikuja kukisoma baadaye, wakati kukisoma hakusaidii tena.

Kijiwe chetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, pale uchochoro wetu unapotokea barabarani, ukutani mwa kibanda cha Fundi Saa. Uchochoro ni mwembamba, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa nyumba za pande zote. Kila alasiri tunakaa watu walewale: Wakili, ambaye hakusomea sheria bali alibeba mafaili ya mahakama kwa miaka ishirini, Mizani, aliyestaafu kwenye kituo cha kupimia malori, Mama Birika, mwenye kahawa, ambaye hakai bali husimama na kusikia kila kitu, Fundi Saa mwenyewe, kichwa dirishani, kioo cha kukuzia kikiwa jicho la kulia, na mimi, ambaye wananiita Gundi. Jumamosi ile Fundi Saa alikuwa ametoka dirishani na kukaa nasi. Mkononi alikuwa na barua.

Lazima nieleze habari ya Kidonge kwanza. Mke wa Fundi Saa, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji, figo zake zimeacha kazi. Mara tatu kwa juma hupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na miguu imevimba, haimfikishi hata barabarani. Teksi haziingii uchochoroni. Mwanzoni alikuwa akibebwa juu ya kiti cha jikoni na vijana wawili wa kuuza maji, mlango kwa mlango, majirani wakitoka kutazama na kumpa pole. Ndipo Fundi Saa akanunua Kidonge: kigari cheupe cha umeme, cha mviringo, viti viwili, magurudumu manne madogo kama ya toroli. Kiliingia uchochoroni kama mguu soksini. Shemeji akawa anapanda mlangoni kwake, mumewe kando yake, wanateremka mlangoni pa hospitali.

Tatizo ni jicho. Jicho la kushoto la Fundi Saa halioni tangu ujana, na leseni ya gari kamili walimnyima mara mbili. Anayo leseni ndogo, ile ya pikipiki nyepesi. Muuzaji alimwambia leseni hiyo inatosha, kwa kuwa vigari vya namna ile vinahesabiwa pamoja na pikipiki nyepesi, alimradi visizidi mwendo fulani na uzito fulani. Lakini kadi ya usajili ilipotoka, ilikuwa imeandikwa: gari kamili. Akaomba lipimwe upya. Wakati akingoja jibu aliendelea kuendesha, akiomba Mungu. Ijumaa trafiki akamsimamisha, Shemeji akiwa ndani. Mgonjwa alifika kwenye mashine saa mbili nyuma ya wakati, na jioni akarudishwa uchochoroni kwa kiti cha jikoni. Alipowekwa chini alisema neno moja tu, na mtaa mzima ukalisikia: sibebwi tena.

Jumamosi barua ikaja.

FUNDI SAA: Wakili, nisomee tena.

WAKILI: Nimeshakusomea mara mbili, bwana.

FUNDI SAA: Ya tatu basi. Polepole.

WAKILI: "Uzito uliotajwa katika fomu ya ukaguzi, kilo mia nne sabini na nane, unazidi kilo mia nne ishirini na tano zinazoruhusiwa kwa vyombo vyepesi vya magurudumu manne. Kwa hiyo chombo chako kitaendelea kuhesabiwa kuwa gari kamili. Chombo kilichokwisha kusajiliwa hakipimwi upya kabla ya kutimia mwaka mmoja." Halafu mhuri. Halafu sahihi ya mtu ambaye hata jina lake halisomeki.

MAMA BIRIKA: Mwaka mzima?

WAKILI: Mwaka mmoja. Kisheria mwaka ni mwaka.

FUNDI SAA: Na Jumatatu ni keshokutwa.

Hapo nikasema nililokuwa nalo, nikajuta hapohapo, kwa maana niliona Mizani akiinamisha uso kwenye kikombe.

MIMI: Kanuni inasema uzito huo hupimwa bila betri.

WAKILI: Bila nini?

MIMI: Betri. Inatolewa, inawekwa chini, ndipo gari linapimwa. Ukurasa wa arobaini na mbili.

FUNDI SAA: Betri yangu ni kilo sitini na mbili. Imeandikwa ubavuni.

Alifanya hesabu kwa midomo, bila sauti. Sote tukaifanya. Mia nne kumi na sita. Kidonge kilikuwa chepesi, na kilo tisa za akiba.

MAMA BIRIKA: Sasa gari bila betri ni gari gani? Hilo ni kabati lenye magurudumu.

WAKILI: Sikiliza, Mama Birika, nikufahamishe. Kisheria betri ni mgeni. Unachomoa, unachomeka. Ukija kuhesabu watu wa nyumba, mgeni humhesabu.

MAMA BIRIKA: Mgeni asiyeondoka, ambaye asipokuwepo nyumba haisimami? Huyo ni mwenye nyumba, Wakili.

WAKILI: Acha nimalize.

MAMA BIRIKA: Wewe humalizi. Mimi naona hivi. Birika langu nikilipeleka kupimwa, nalipeleka tupu. Asubuhi zito, jioni jepesi, utaandika uzito upi? Betri nayo asubuhi imejaa, jioni imekwisha.

MIZANI: Betri haipungui.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu tukae.

MAMA BIRIKA: Haipungui vipi, na umeme umetoka?

MIZANI: Ikijaa, ikiisha, kilo zilezile. Umeme hauna uzito ambao mzani utauona. Nimepima.

WAKILI: Basi kama si hivyo, mimi nitawaambia ukweli wenyewe, na msinitaje popote. Wanatenganisha kwa sababu wana mpango. Leo wanasema gari lako ni hili, betri haimo. Kesho wanakuja mlangoni: bwana, gari ni lako, lakini betri iliandikwa wapi? Haikuandikwa. Basi si yako. Tupe.

MAMA BIRIKA: Waje wachukue betri za watu wazipeleke wapi?

WAKILI: Hilo mimi sijui. Mahakamani nimebeba mafaili mengine, ungeyaona usingelala.

MAMA BIRIKA: Ulikuwa unayabeba, hukuwa unayasoma.

WAKILI: Mengine yalikuwa wazi.

MAMA BIRIKA: Basi wakimaliza magari watakuja kwa watu. Mama, panda mzani, lakini kwanza weka moyo wako hapa mezani.

Alicheka peke yake. Kicheko kikaisha upesi. Fundi Saa alikuwa ameikunja barua ikawa ndogo, sawa na tiketi.

FUNDI SAA: Wanampima hivyo kweli.

MAMA BIRIKA: Nani?

FUNDI SAA: Mke wangu. Akiingia wanampima, akitoka wanampima. Kinachopungua ni maji. Muuguzi anao uzito wake mwingine kwenye karatasi, ule anaotakiwa kuwa nao maji yakishatoka. Wanasema huo ndio wa kweli. Jana, kwa kuchelewa, walimwondoa kwenye mashine kabla hajaufikia, wengine walikuwa wanangoja. Amerudi nyumbani na kilo mbili zisizo zake.

WAKILI: Pole, ndugu yangu.

FUNDI SAA: Akikosa Jumatatu zitakuwa nne, tano. Maji yanapanda kifuani.

MAMA BIRIKA: Na matibabu haya ni mpaka lini?

FUNDI SAA: Nilimuuliza daktari. Akasema, mpaka tu.

Mama Birika akajaza vikombe bila kuulizwa. Kwa kawaida hapo Wakili angekuwa ameshapata wazo jingine. Barabarani lori lilipita na mtaa ukatikisika, na nikaona Mizani akilifuata kwa macho, akilikadiria.

MIZANI: Mimi ndiye niliyepima.

WAKILI: Tunajua ni wewe. Ulisaidia.

MIZANI: Sikukosea kupima.

WAKILI: Nani kasema umekosea? Maandishi yenyewe hapo "bila betri" huwa madogo kama miguu ya sisimizi. Hukuyaona.

MIZANI: Niliyaona.

Hakuna aliyemtazama. Fundi Saa aliendelea kuikunja barua ambayo haikuweza kukunjika zaidi.

MIZANI: Wakati wa usajili Fundi alinipa fomu ya ukaguzi, akasema wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, nijazie. Nikalipeleka Kidonge pale kituoni kwetu wakati hakuna foleni. Vijana wale wananiheshimu, wakaniachia mzani. Nikaona: uzito wa gari, na chini yake, bila betri. Nikasema moyoni, huu ni mtego. Miaka thelathini na moja, Fundi. Miaka thelathini na moja madereva wanasimama mita mia mbili kabla ya mzani wangu, wanashusha tairi la akiba, wanashusha madumu, wanamshusha hata utingo. Kwetu mtu anayetoa kitu kabla ya kupima alikuwa mwizi. Hakukuwa na jina jingine. Nikajiambia, rafiki yangu mtu mwaminifu, sitamwandikia uzito wa mwizi. Nikaandika mia nne sabini na nane, ulivyo. Nikapiga na mstari chini yake.

WAKILI: Mstari pia!

MAMA BIRIKA: Wakili, nyamaza.

MIZANI: Nilitaka kukutendea haki.

Nimeyasoma mengi kuhusu watu waliowaangamiza wenzao, na karibu wote humo walikuwa na tamaa au chuki. Huyu hakuwa na hata kimojawapo. Nilimtazama Fundi Saa nione kama atasema. Alivua kile kioo kilichokuwa kikining'inia shingoni, akakifuta kwa ncha ya shati, akakivaa tena shingoni.

FUNDI SAA: Uliandika mwandiko mzuri.

Ndipo binti yao akatokea. Anafanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja, kwa zamu, na alikuwa anatoka zamu, vidole vimekunjamana kwa maji. Akasimama mbele yetu, mkoba begani.

BINTI: Shikamooni.

SOTE: Marahaba, mwanetu.

BINTI: Mama yuko macho? Barua imesemaje?

WAKILI: Barua, mama, kwa ufupi, inatuonyesha kwamba kuna mgongano kati ya kanuni na fomu, na hapo ndipo tunapoweza kuingilia. Nitaandika rufaa. Tutasema betri kisheria ni...

BINTI: Baba mdogo, Jumatatu mama anakwendaje?

WAKILI: Rufaa inaweza kusikilizwa ndani ya miezi...

BINTI: Jumatatu.

MAMA BIRIKA: Tulikuwa tunasema hivi, mwanangu, hii sheria yenyewe...

BINTI: Mimi sheria siijui. Wamesema Kidonge ni gari kamili. Haya, ni gari kamili. Hapa kijiweni nani ana leseni ya gari kamili?

Naona aibu kulieleza. Tangu kadi ile itoke, wiki mbili na siku zake, tulikuwa tumekaa kwenye ubao ule tukijadili gari linavyopimwa, nani aliyeitunga kanuni, kwa faida ya nani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo. Wakili akatazama viatu vyake. Mimi sijapata kushika usukani maishani. Mama Birika akasema yeye anaendesha birika tu.

Mizani akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa pochi, na kutoka kwenye pochi akatoa kadi, kingo zake bado kali, haijatumika.

MIZANI: Kituoni tulitakiwa wote tuwe nayo. Lori likizima juu ya mzani, mtu alitoe. Nimeihuisha kila mara.

WAKILI: Na umekaa nayo kimya muda wote huu?

MIZANI: Ningesemaje? Nimemharibia mtu gari lake, halafu nimwambie, sasa nipe na funguo?

BINTI: Utampeleka?

MIZANI: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Sina kazi nyingine. Kama baba yako atakubali.

BINTI: Baba?

Fundi Saa aligeuza kichwa. Alikuwa anatazama ndani ya uchochoro, ambako Kidonge kilikuwa kimeegeshwa mlangoni kwake chini ya kitambaa cha kitanda.

FUNDI SAA: Kina viti viwili.

MAMA BIRIKA: Ee, viwili. Dereva na Shemeji.

FUNDI SAA: Na mimi?

Sote tulijua anachouliza. Wakati wa kuchomwa sindano ya kwanza, ile nene ya kuingiza damu kwenye mashine, Shemeji hushikwa mkono na mumewe. Tangu siku ya kwanza. Muuguzi huwa anangoja wawe tayari. Na mtu anayefuata kwa basi, akibadilisha mara mbili, atafika saa nzima baada ya sindano.

WAKILI: Mbona vingine vina viti vitatu? Kuna kundi lile jingine...

FUNDI SAA: Wakili.

WAKILI: Basi, nimeacha.

MAMA BIRIKA: Binti ndiye...

BINTI: Zamu zangu ni asubuhi. Nikiziacha nimeachishwa.

Fundi Saa akainuka, akaingia uchochoroni na binti yake akimfuata. Tulibaki watatu na Mama Birika, tukisikiliza, na hatukusikia kitu. Mizani alikuwa bado ameishika kadi yake mkononi kama mtu aliye mbele ya dirisha la ofisi. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Wakili. Ukatoka mchirizi mweusi, kisha hakuna. Wakili hakulalamika.

Binti akarudi peke yake.

BINTI: Baba mdogo Mizani, mama amesema uje saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usichelewe. Na amesema njiani usimwombe msamaha, atakuwa anasinzia.

MIZANI: Sitasema neno.

BINTI: Na amesema kiti chake kimerudishwa nyuma kidogo kwa ajili ya miguu. Usikiguse.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na aliyetekeleza ni Mizani.

Jumatatu nilifungua karakana yangu ya kujalidi vitabu, hapo uchochoroni, mapema kuliko kawaida, nikijidanganya kwamba nina kazi. Mizani alifika saa kumi na mbili na robo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Alikizunguka Kidonge mara mbili, akipiga tairi kwa kidole cha mguu, kama alivyokuwa akiyafanyia malori. Fundi Saa alimtoa mkewe ndani kwa kumkumbatia ubavuni, hatua tano kutoka kizingiti mpaka kitini, na hatua hizo tano zilichukua muda. Akamkunjia kanga miguuni. Akamvalisha saa yake ya mkononi, baada ya kuitazama na kuipeleka sikioni. Jirani mmoja alifungua dirisha, akaona, akalifunga.

Mlango wa Kidonge ulikuwa bado wazi.

FUNDI SAA: Sindano ya kwanza.

MIZANI: Ndiyo.

FUNDI SAA: Utamshika mkono.

Mizani alimtazama Shemeji. Shemeji alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo.

MIZANI: Upi?

FUNDI SAA: Wa kulia. Wa kushoto ndio wanaochoma.

SHEMEJI: Twende, shemeji. Wakati unapita.

Gari la umeme halina kishindo cha kuondoka. Kulikuwa na mlio mdogo, kama wa mtu anayevuta pumzi kwa meno, kisha uchochoro ukawa mtupu na Fundi Saa amesimama katikati yake, kitambaa cha kitanda begani. Alikikunja kwa nne. Akaja kibandani, akafungua dirisha, akaweka kioo jichoni, na nilipopita nilimwona ameinamia saa ya ukutani iliyofunguliwa nyuma, mikono yake yote miwili juu ya meza, hajagusa kitu.

Saa saba na nusu walirejea. Shemeji alikuwa amechoka lakini uso umepungua uvimbe, na alitembea zile hatua tano akishikwa upande mmoja tu. Mizani aliegesha, akakifunika Kidonge kwa kitambaa, akampa Fundi funguo kwa mikono miwili, akaenda zake bila kupitia kijiweni. Jioni Shemeji alimweleza binti yake, na binti akatueleza sisi, kwamba Mizani hakusema neno njia nzima, kwenda na kurudi, na kwamba muuguzi alipoleta sindano, mkono uliotetemeka ulikuwa wa Mizani, ikabidi Shemeji ndiye amshike.